Meli Ina Ghorofa 19, Chumba Hakina Dirisha

Tangu nirudi, kila nikipita pale kijiweni kwa muuza kahawa naulizwa swali lilelile: "Mzee, ulikula raha?" Najibu nilikula. Na kweli nilikula, tena siku nyingine mara sita. Lakini hiyo raha, jamani, ngojeni kwanza nikae.

Chanzo ni binti yangu, nesi huko Ujerumani. Mimi na mama yake likizo yetu ya kila mwaka ni Korogwe kwa shemeji, tunakula maembe tunarudi. Yeye akaona tumeteseka mno, akatukatia safari ya meli ya kitalii, usiku kumi na nne kwenye Bahari ya Mediterania: Barcelona, Marseille, Genoa, Naples, Malta, Ugiriki, Uturuki, halafu mnarudi Barcelona mlikotoka. Yaani unazunguka wiki mbili kufika pale ulipoanzia. Nikamuuliza itakuwaje hela ya matumizi. "Baba, kila kitu kimeshalipiwa."

Mimi nimekagua tiketi Reli ya Kati miaka thelathini na moja. Nilipaswa kujua kwamba anayesema kila kitu kimelipiwa hajasoma nyuma ya tiketi.

Viza tulipata, na hapo kuna jambo la kuangalia. Meli ikigusa Uturuki mmeshatoka eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na mkirudi Ugiriki mnaingia upya. Kwa hiyo viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Kuna jirani alitushauri tuombe ya mara moja eti ndiyo inayotoka haraka. Tungemsikiliza, saa hizi ningekuwa nauza simit, ile mikate ya duara ya Kituruki, huko bandarini Kuşadası.

Bandarini mabegi makubwa yanachukuliwa mlangoni, mnayakuta chumbani baada ya saa kadhaa. La kwangu lilifika. La mama watoto halikufika. Saa moja usiku simu ya chumbani ikalia, nikaitwa chini kwenye ofisi ya ulinzi. Nikamkuta afisa mmoja mpole, glavu mkononi, amefungua begi, na mezani ameweka pasi na hita. Hita, ile ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo. Ameishika kwa ncha ya waya kama aliyemshika nyoka mkia. Akaniuliza ni kifaa gani. Sasa hita utaielezaje kwa mtu ambaye hajawahi kuoga kwa ndoo? Nikafanya kwa ishara: ndoo, maji, waya, mvuke. Akarudi nyuma hatua moja.

Basi kitu chochote cha kupata moto hakiruhusiwi chumbani, si pasi, si hita, si birika la umeme, maana adui mkubwa wa meli ni moto. Vilifungiwa stoo mpaka siku ya mwisho, nami nikatia sahihi kwenye karatasi. Nilipomuuliza mama watoto alikuwa anapeleka wapi hita, akasema, "Kwani wewe ulijua kama kuna maji ya moto?" Sikuwa na jibu.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya 14, cha ndani, bila dirisha. Ukizima taa unakuwa kwenye gunia. Siku moja nimeamka, giza totoro, nikajua bado usiku, nikajigeuza. Nikaamka tena, giza. Nikalala. Tulipotoka kumbe saa saba mchana, watu wanarudi kula mara ya pili. Kijana wa usafi ndiye aliyetuonyesha dawa: ile televisheni ina chaneli ya kamera iliyofungwa mbele ya meli. Unaiacha wazi usiku kucha na sauti umezima, kukipambazuka baharini na chumbani kwako kunapambazuka. Na kuta ni chuma, kwa hiyo ukiwa na sumaku zile za kubandika kwenye friji unatundika karatasi zako zote. Mimi nilibandika ratiba. Mama watoto akabandika karatasi ya madeni, nitaifikia.

Kosa la binti ni moja: alitafuta cha bei nafuu bila kuangalia juu yake kuna nini. Juu ya dari letu palikuwa na bwawa la kuogelea. Kila alfajiri saa kumi na moja viti vinaburutwa, kwaaa, kwaaa, kama vile shule imefunguliwa kichwani kwako. Chagua chumba chenye vyumba juu na vyumba chini. Tena kiwe katikati ya meli na chini kidogo, kwa sababu juu na mbele ndiko kunakoyumba. Mtu wa reli kama mimi hilo ningelijua, maana behewa la mwisho wote tunajua linavyorusha watu.

Maana usiku uleule wa kwanza, kuelekea Marseille, ukavuma upepo wa kaskazini ambao wenyewe wanauita mistral. Nisiseme mengi. Choo cha meli kinanyonya kwa hewa, ukibonyeza kinanguruma kama simba wa Mikumi, na usiku ule simba alinguruma mpaka majirani wakagonga ukuta.

Asubuhi nikajikokota kwenye ukumbi wa chakula nikiwa kijani. Mlangoni dada mmoja kasimama na kipaza sauti anaimba watu wanawe mikono. Anaimba kwa sababu kuna ugonjwa wa kuhara na kutapika ambao ukiingia melini unapita kama moto wa nyika, na ile dawa ya kupaka mikono hauijali sana, unataka maji na sabuni. Wenzangu wanapita wanapaka kidogo kwenye ncha za vidole kama wanaopaka marashi. Mimi mtoto wa Tanga niliyekuzwa na birika na beseni kabla ya kila mlo nikanawa mpaka kwenye viwiko. Yule dada akanipigia makofi. Miaka sitini na tano, napigiwa makofi kwa kunawa.

Nikakaa. Akaja mhudumu, nikaangalia beji kifuani. Kila mfanyakazi ana beji yenye jina, na chini yake nchi aliyotoka: Ufilipino, Indonesia, India, Ufilipino, Ufilipino. Hii ikasema Kenya. Nikamtazama, akanitazama, mama watoto akasema, "Mwanangu, hujambo?"

Yule kijana nusura adondoshe sinia. "Shikamoo mama! Shikamoo baba! Mwatoka wapi?" Kumbe wa Likoni, Mombasa. Ana mkataba wa miezi minane, yuko wa tano, na miezi mitano hiyo hajamwamkia mtu. Aliponiona rangi yangu akaondoka, akarudi na chai ya tangawizi kali na tufaha la kijani. "Kula, mzee, lakuzuia hilo." Sijui sayansi yake, ila lilinizuia. Kuanzia siku hiyo meza yetu ikawa na pilipili mbichi na wali wenye chumvi, anautoa jikoni kwa wafanyakazi, ambako Wafilipino wanapika wali kila siku. Mezani kwa wageni kuna aina ya mikate ishirini na hakuna wali wa maana. Ugali msiuulize.

Sasa tuje kwenye "kila kitu kimeshalipiwa."

Melini hakuna hela mkononi. Unapewa kadi, ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo kitambulisho cha kutokea na kuingilia, na ndiyo mtego. Ukiagiza kitu unaitoa tu, wanaigusisha, wanakurudishia na tabasamu. Chakula cha ukumbini kimelipiwa, kweli. Maji ya ukumbini, chai, kahawa, kweli. Soda hapana. Soda yangu moja ilikuwa karibu euro nne, zaidi ya shilingi elfu kumi na moja, na juu yake asilimia ya huduma. Kwa bei hiyo pale Tandika nawanywesha soda watoto wa nyumba tatu. Kile kifriji cha chumbani nacho kimejazwa vinywaji, nami nikadhani ni ukarimu, kama unavyokuta maji kwa mwenyeji wako. Nilikunywa viwili. Kikopo kimoja kilikuwa na karanga, nazo nikala. Siku ya tatu nikamwomba kijana wa usafi avitoe vyote, tukaweka humo machungwa.

Halafu bakshishi. Mimi bakshishi naijua, unampa mtu mkononi kwa hiari yako. Hii inajikata yenyewe: euro 12 kwa kichwa kwa usiku. Vichwa viwili, usiku kumi na nne, euro 336. Karibu shilingi milioni moja, na sijashukuru mtu. Nilitaka kwenda kulalamika, nikamkumbuka yule wa Likoni na miezi yake minane, nikarudi kukaa. Ila mngeniambia mapema.

Na simu! Meli ikitoka bandarini kuna mtandao wa baharini, unapita kwenye setilaiti, na bei yake nayo inatoka hukohuko juu. Weka simu kwenye hali ya ndegeni kabla kamba hazijafunguliwa. Mama watoto hakuweka. Alipokea simu ya dada yake wa Muheza, aliyetaka kujua kama bahari ni ileile. Salio lote likayeyuka kabla hajajibiwa.

Kila jioni mle ndani wanakukunjia mataulo, mara ndege, mara tembo. Vizuri. Usiku wa tano tumerudi, mama watoto katangulia, akawasha taa ya pembeni. Katikati ya chumba, juu hewani, kaning'inia nyani mweupe, kavaa miwani yangu ya kusomea. Ukelele aliotoa ulileta walinzi wawili na daktari wa meli. Nyani alikuwa taulo kwenye hanga. Mama watoto alisoma dua robo saa, na tangu hapo kijana wa usafi akawa anatukunjia samaki tu.

Juu kwenye bwawa kuna vita vya viti. Watu wanaamka alfajiri kwenda kutandaza taulo kwenye kiti, halafu wanarudi kulala mpaka saa nne. Mtalii mmoja alinieleza kwa masikitiko kwamba huo ni ustaarabu mbovu wa Ulaya. Nikamwambia bwana, njoo Mbagala jioni uone watu wanavyorusha begi dirishani mwa daladala kabla haijasimama. Nilitandaza leso yangu kwenye kiti kimoja. Ikaheshimiwa siku tatu.

Kilichonifurahisha, nikiri, ni Santorini, kisiwa cha Ugiriki. Meli haifiki ufukweni, inasimama kati, nanyi mnashushwa kwa boti ndogondogo. Watu wananung'unika, mimi nacheka peke yangu. Nilipangiwa kituo Kigoma miaka sita, nikapanda Liemba mara nyingi. Meli ile Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ikaendelea kupiga kazi Ziwa Tanganyika. Kule vijiji vingi havikuwa na gati. Liemba inasimama majini, mitumbwi inakuja mbio, mtu anashuka na kuku, godoro na mtoto mgongoni, usiku, na hakuna anayepewa koti la kuokolea. Hawa wazungu wanashikwa mkono na watu wawili kushuka hatua moja halafu wanapigana picha. Mama watoto, ambaye Kirando aliwahi kushuka na cherehani kichwani, alikataa kushikwa.

Juu mjini unapanda kwa gari la kamba, linaloning'inia hewani. Kurudi foleni ilikuwa ya kilomita, tukashuka kwa miguu ngazi 588 tukikanyaga mavi ya punda. Meli hukuandikia saa ya mwisho ya kurudi, na kama hukwenda na ziara yao yenyewe, haikusubiri. Tulifika zimebaki dakika kumi na moja. Magoti yangu hayajafika mpaka leo.

Usiku wa mwisho wanawaletea lebo za rangi, mabegi makubwa myaweke koridoni kabla ya saa sita, mtayakuta bandarini. Mama watoto anapenda kazi ikamilike. Alifunga, akafungua, akakunja, akafunga, akafunga na kanga kwenye mpini ili begi letu lijulikane kati ya mabegi meusi elfu mbili, na saa nne tu yakawa nje. Mimi nimelala na msuli wangu.

Asubuhi nikatafuta suruali.

Nikamwangalia. Akaangalia kabati. Kulikuwa na koti la suti nililovaa kwenye send-off ya binti, limebaki kwa sababu mfukoni mlikuwa na pasipoti. Suruali yake ilikuwa imetangulia bandarini. Nikaenda kunywa chai hivyohivyo, koti juu, msuli chini, ndala miguuni. Yule wa Likoni akaniangalia kwa adabu zote. "Mzee, kwani leo Ijumaa?"

Mimi ningeshuka na msuli, wazee wetu wamefika Oman nao. Ila mama watoto alisema hawezi kumfuata mwanawe bandarini na mwanamume aliyevaa shuka. Kijana akatoweka, akarudi na jinzi yake mwenyewe. Imechanika magoti yote mawili, tena sana. Nikamwambia pole, mwanangu, maisha ya meli magumu. Akasema hapana mzee, aliinunua hivyo, Naples, kwa euro arobaini.

Binti alikuwa anatusubiri nje. Alipiga picha kwanza, akaamkia baadaye, na picha iko kwenye kundi la ukoo mpaka sasa.

Tumeahidiana na kijana kwamba mkataba wake ukiisha atapita Tanga kuja kuichukua jinzi yake. Juzi nimemkuta mama watoto kwenye cherehani, kaikunjua mapajani, anashona kwa furaha. Ameziba magoti yote mawili kwa kitambaa cha kaki, mishono miwilimiwili. Kijana mwenyewe katuma ujumbe jana: anafika mwezi ujao.