TLD tunayoilaumu, tuangalie kwanza inafunuliwa wapi mwilini

Huku nyanda za juu kusini ARV sio habari za watu wa mbali, utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe 11.4%, Iringa 11.3%, Mbeya 9.3%, kwa hiyo neno likisemwa kuhusu TLD, kidonge kimoja cha ARV chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, linaingia nyumba nyingi sana. Na linalosemwa sasa ni kwamba kidonge cha CTC (kliniki ya ARV) kina tenofovir ya kizamani, TDF miligramu 300, inayomaliza figo, wakati wenzetu Ulaya na Marekani wanameza TAF, tenofovir ya kisasa, miligramu 25 tu. Watu wanagawanya hapo wanapata mara 12, basi washaona wanalishwa sumu.

Hiyo hesabu inapotosha watu. Tenofovir ikimezwa ilivyo haipenyi vizuri ukuta wa utumbo, inabidi ifunikwe kiwandani halafu vimeng'enya vya mwili wako ndo viifunue. TDF inafunuliwa mapema, na vimeng'enya vinavyoitwa esterase vya kwenye utumbo, ini na damu, ni kama lori la mbolea inayokwenda Rungwe limeshusha mzigo wote njiani Uyole, shambani itafika ila kwa kudonoa donoa, ndo maana unapakia 300. TAF inapita kwenye damu ikiwa bado imefunikwa mpaka ndani ya seli nyeupe, huko inafunuliwa na kimeng'enya kinachoitwa kathepsini A. Kuanzia hapo ni tenofovir ile ile, seli inaiongezea fosfeti mbili na ndo inakwamisha kirusi kuzaliana.

Wanaolia na figo hawajatunga lakini. Tenofovir inayozunguka kwenye damu inatolewa na figo, seli za mirija ya figo zinaivuta ndani na kwa baadhi ya watu zinaumia, mifupa nayo inapungua uimara. TAF inashusha kiwango hicho cha kwenye damu kwa karibu 90%. Mwenye figo dhaifu tayari anaistahili, sina ubishi.

Ila kuna namba moja haisemwi vijiweni na mimi inanisumbua sana. Johannesburg walilinganisha hizi mbili, zote na dolutegravir, majibu yakatoka 2019: baada ya wiki 48 waliofubaza virusi ni 84% kwa TAF, 85% kwa TDF, yaani sawa tu. Uzito sasa, wanawake wa TDF waliongezeka wastani wa kilo 3.2, wa TAF kilo 6.4, mara mbili kabisa, na wanawake ndo walinenepa zaidi ya wanaume. Kuna wanaosema TDF ndo inazuia uzito kupanda, sio TAF inayonenepesha, sawa, lakini kwa mama wa miaka 45 hapa Mbeya mwenye presha na sukari kwenye ukoo wao hizo kilo ni zake vyovyote utakavyoeleza.

Halafu dolutegravir yenyewe inapandisha kidogo kreatinini, taka ya kwenye damu inayotumika kupima figo, bila kuumiza figo, mtu anaona karatasi ya majibu anaogopa anaacha dawa kimya kimya, na kirusi kikirudi juu chenyewe kinashambulia figo.

Kwahiyo tukidai kitu tudai kipimo. Mtu wa Ileje au Makete mwenye presha au sukari apimwe kreatinini karibu na kwake bila kuambiwa vitendanishi vimeisha, na figo zikionekana zinashuka kweli daktari ambadilishie mapema, hata kama ni kwa TAF.