Eti Poland hakuna chakula

Binamu yangu kaja Kraków kunitembelea, kakaa siku tatu, kala kebabu mara nne. Basi lake la kurudi Berlin halijafika hata mpakani, naona ameweka status: "Poland pazuri ila hakuna chakula." Na shangazi zangu wote wameiona.

Hakuna chakula! Siku ya kwanza aliniburuta kwenye mgahawa mmoja pale Rynek Główny, uwanja mkuu wa mji, wenye miavuli na menyu ya picha. Tukaletewa pierogi nane, vile vifuko vya unga vya kuchemshwa vilivyojazwa ndani, kwenye sahani pana kama sinia, mbili zimepasuka, na bili ya kufunga mwezi. Kuanzia hapo akaamua chakula cha Kipolandi anakijua, kimemshinda.

Mimi nilitaka kumpeleka bar mleczny. Nikamtafsiria: baa ya maziwa. Aliposikia baa akachangamka, aliposikia maziwa akanuna. Jamani, ile ni mama lishe, ila yenye ruzuku ya serikali. Ya kwanza ilifunguliwa Warsaw mwaka 1896, enzi za ukomunisti zikaenea nchi nzima, na zilizobaki bado zinalisha wastaafu, wanafunzi na mafundi wenye saruji kwenye buti. Menyu iko ukutani, Kipolandi kitupu. Unalipa kwanza, unapewa risiti, unaipeleka dirishani. Mama wa jikoni anaita chakula chako mara moja, ukizubaa shauri yako. Ukimaliza, vyombo unarudisha mwenyewe.

Agiza żurek. Ni supu ya unga wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, uliochachushwa, na ule uchachu aliyekulia uji wa kuchacha ataujua kabla kijiko hakijatoka mdomoni. Ndani kuna yai la kuchemsha na soseji. Shushia kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa. Yangu ya mwisho ilikuwa na stroberi moja imelala chini ya glasi, nimeihangaikia na kijiko mpaka watu wakanitazama.

Haya, nakubali, nguruwe yuko kila kona, na asiyemla kazi anayo. Hata pierogi ruskie, ambazo ndani ni viazi na jibini nyeupe tu, mara nyingi humwagiwa juu vipande vya mafuta ya nguruwe. Sema "bez skwarek", yaani bila hivyo vipande, kabla mama hajachota. Lakini binamu yangu kisingizio hicho hana. Kitimoto ya Dar anaila na mifupa.

Obwarzanek, ule mkate wa duara wa vibanda vya mtaani, kula asubuhi. Jioni ni silaha. Zapiekanka ya uwanja wa Plac Nowy, nusu mkate mrefu yenye uyoga na jibini, gawaneni wawili. Oscypek, jibini la moshi la wachungaji wa milimani, omba lichomwe.

Kinachoniuma ni kwamba Wapolandi wanajazana Zanzibar, wanapanga foleni ya urojo, pilipili inawatoa machozi, na wanaomba waongezewe. Sisi tukisafiri tunatafuta kebabu.

Jana shangazi kanipigia, sauti ya msiba. Anataka kujua anitumie unga wa dona kilo ngapi, maana kasikia huku nashinda njaa. Nilishafungua mdomo nimweleze habari za żurek.

Nikamwambia kilo tano, na dagaa.