Gauni Lililo Nyuma ya Mlango

Wasifu wa Bibi uliandikwa na mjomba wangu mkubwa, ambaye ni mhasibu na hupenda kila jambo likae katika safu yake. Usiku wa kuamkia siku ya kumkumbuka marehemu alitusomea sebuleni: mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuolewa, idadi ya watoto na wajukuu, na alipofika mahali palipoandikwa "Kazi" akasoma kwa sauti ileile, "Hakuwa na kazi, alikuwa mke wa mkulima." Babu, ambaye ndiye mkulima mwenyewe, aliinua kichwa, akakohoa, akakiinamisha tena.

Kulipopambazuka, nyumba iliyojaa watu wenye kazi ilishindwa hata kuwasha moto, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua kuni kavu huwekwa wapi. Binamu yangu alitumwa kuokota mayai, akarudi na kapu tele aliyoyatoa chini ya kuku aliyekuwa akiatamia, huku zile alama za mkaa juu ya kila yai akizidhania kuwa uchafu. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, na tulipolivunja la kwanza tulielewa sote, bila kuambizana, kwamba siku zilizobaki zilikuwa chache mno.

Hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa ng'ombe, ambaye Bibi alimwita Bi Mkubwa, na ambaye tangu msiba alikuwa akikamwa na jirani yetu. Asubuhi hiyo jirani aliamka na homa, akamtuma mwanawe atuambie kwamba hataweza kuja na kwamba gauni liko nyuma ya mlango wa jikoni. Tulimshukuru mtoto, tukamwombea mama yake nafuu, na habari ya gauni tukaihesabu kuwa maneno ya homa.

Mjomba alisema kukamua ni suala la kuvuta tu, akanikabidhi ndoo. Nilivuta. Bi Mkubwa alinigeukia, akanitazama kwa muda, kisha akaendelea kucheua, na kiwele chake kilichojaa hadi kung'aa hakikutoa zaidi ya matone ya kulowesha kidole. Baadaye nilielezwa kwamba maziwa hayakai yote karibu na chuchu yakingoja kuvutwa; mengi huwa katika vifuko vidogo ndani ya kiwele, na hayashuki mpaka ubongo wa ng'ombe uachilie homoni ya oksitosini, jambo linalotokea anapomwona ndama wake au anapoguswa na mkono, anaponusa harufu au anaposikia sauti alivyovizoea. Mgeni akimtia hofu, huzuia. Na maziwa yakizuiwa kiweleni kwa muda mrefu, ugonjwa wa kiwele hauko mbali.

Hapo ndipo Babu alipozungumza kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Mjukuu wangu," aliniambia kwa upole, "kalivae."

Lilikuwa gauni la kazi la Bibi, limefifia, lenye harufu ya moshi na maziwa, na mabegani lilinibana kiasi kwamba mshono mmoja uliachia kabla sijafika zizini. Nilijifunga na kitambaa chake cha kichwa, nikavaa mabuti yake ya mpira nikiwa nimekunja vidole, nikaketi kwenye kigoda na kuguna chini chini kama alivyokuwa akiguna. Bi Mkubwa alininusa begani, akashusha pumzi, na maziwa yakaanza kutiririka ndooni kwa nguvu.

Wageni wa kwanza waliingia wakati huohuo. Mbele yao alikuwa dada yake Babu, mzee ambaye macho yake yamechoka lakini ulimi wake bado ni mzima. Aliliona lile gauni zizini, akasimama, na badala ya kupiga yowe akageuka kuwakaripia wenyeji: "Hata leo? Shughuli ni yake, wageni ni wake, na bado mmemwacha akamue peke yake?"

Mjomba alitoka na wasifu mkononi ili kuona kulikoni. Niliinuka kumwamkia yule mzee, nikiwa nimempa Mjomba mgongo, na nadhani mgongo huo ulitosha, kwa sababu mhasibu yule alirudi kinyumenyume hadi akaketi ndani ya hori la maji, na karatasi zake zikaketi pamoja naye. Kishindo kilimshtua Bi Mkubwa. Alipiga teke ndoo, akachomoka zizini, nami niliyekuwa nimeshika kamba nikaburutwa katikati ya waombolezaji, gauni likiendelea kuachia mshono mmoja baada ya mwingine, huku yule mzee akiniita kwa jina la Bibi na kunisihi nipumzike.

Wasifu ulisomwa bila karatasi. Mjomba, akiwa katika suruali ya kuazima, alipofika kwenye kazi za marehemu alianza na ng'ombe, akaenda kwa kuku, akapita kwenye kuni na mbegu, na Babu akawa anamwongezea kutoka kitini kila alipodhani amemaliza, hata jua likaanza kushuka na Bi Mkubwa akaanza kulia zizini, maana ng'ombe hukamwa mara mbili kwa siku.

Gauni lilikuwa limekwisha kushonwa. Wote walinitazama mimi na mabega yangu, kisha wakamtazama Mjomba, ambaye umbo lake, kama Babu alivyotukumbusha, amelirithi lote kwa mama yake.

"Kitambaa kifungwe kwa nyuma," Babu alimwelekeza, "la sivyo hatakuamini."