4G+ ya ku katoni: angalia simu vizuri mbele ya kutoa dola

Wiki iliyopita mdogo wangu alinunua simu ya okazyo hapa Lubumbashi, ku soko ya Kenya, dola 90, na ku katoni iliandikwa 4G+ kwa herufi kubwa. Akafika nyumbani Katuba na furaha, akatia laini yake, akanunua mega za mwezi muzima, halafu akaanza kuniita: yaya, kuja uone, mbona inaleta H+ tu (ile 3G, ya chini ya 4G)? Tukatoka mu parsele mpaka ku barabara, H+ ile ile. Nikaitoa laini yake nikaitia mu simu yangu ya zamani yenye kioo kimepasuka, 4G ikatokea palepale. Basi rezo iko, shida ni simu.

Iliniuma sana juu zile dola 90 alizichanga miezi, na anazihitaji mega kwa masomo.

Hii 4G+ jina lake la kiufundi ni LTE-Advanced. Fikiria unajaza pipa ya maji: 4G ya kawaida ni mpira mmoja, 4G+ ni mipira miwili ao zaidi inamwaga mu pipa moja wakati mmoja. Mpira mmoja mpana, wa megahezi 20, unaweza kuleta megabiti 150 kwa sekunde, miwili 300, lakini hiyo ni hesabu ya ku karatasi juu yale maji tunagawana na watu wote walio ku antena moja, na saa mbili ya usiku kila mtu yuko anaangalia video. Tena antena yenyewe lazima ikuwe na mipira miwili, kama iko na mmoja hata simu ya dola 1000 haitaongeza kitu.

Na si kitu ya jana. Korea Kusini waliianza mwaka 2013 na Galaxy S4 LTE-A. iPhone 5s ya mwaka ule ule haina, lakini iPhone 6s na Galaxy S6 za 2015 zinafika 300. Kumbe simu zingine za bei ya chini, hata mpya kabisa, modemu yake (kile kipande kinachoongea na antena) ni Cat 4, yaani daraja la mwendo la 4, inaishia 150, kwa hiyo upya wa simu usikudanganye, angalia Cat 6 kupanda.

Lakini mimi naona kuna kitu cha maana kuliko hiyo plus, nayo ni bendi, yaani masafa ya redio ambayo simu inaweza kusikia. Afrika na Ulaya 4G inapita sana ku bendi 3 (megahezi 1800), 7 (2600) na 20 (800), na hii 20 njo inafika mbali na kuingia mu nyumba za matofali. Simu ya mdogo wangu ilitengenezwa kwa kampuni moja ya Marekani, iko na 2, 4, 12 na 66, haina 3 wala 20. Kule kwao ni simu nzuri kabisa, hapa haisikii 4G hata kidogo!

Kwa hiyo mbele ya kulipa, usisome katoni. Ingia mu mipangilio, tafuta namba kamili ya modeli, maana jina moja la simu linaweza kuwa na modeli tano zenye bendi tofauti, uandike ile namba mu Google na neno bendi. *#06# inakupa IMEI tu, ile namba ya kutambulisha simu, tuliizoea wote wakati wa RAM, ile taksi ya simu, lakini bendi haikuonyeshi. Halafu tia laini yako mwenyewe, toka inje ya duka, ungojee. Muuzaji akikataa, rudisha simu yake uende kwa mwengine.

Yule muuzaji wetu alikubali kubadilisha, tukaongeza dola 15, tukapata simu ya zamani kidogo yenye bendi 3, 7 na 20. Plus bado hatujaiona Katuba, ila 4G iko imara hata mu chumba cha nyuma. Wenye kukaa Ruashi na Kampemba, kama yenu inaleta plus niandikieni modeli yake.