Je, aliyempiga mkewe kwa miaka mingi ni mkosaji wa mara ya kwanza?

Mtu anapotiwa hatiani kwa kumuua mwenzi wake bila kukusudia, iwe mbele ya Mahakama Kuu Kanda ya Tabora au kwingineko nchini, wakili wa utetezi husimama na kuomba apunguziwe adhabu. Hoja zake huwa ni zile zile: mteja wake ni mkosaji wa mara ya kwanza, amekiri bila kuipotezea mahakama muda, amekaa mahabusu muda mrefu, na ana watoto wadogo wanaomtegemea. Zote ni hoja halali, na jaji anayezipuuza anaweza kukosolewa na Mahakama ya Rufani. Ninayotaka kuipima hapa ni ile ya kwanza, kwa sababu katika makosa ya ndani ya ndoa ina udhaifu ambao haumo katika wizi wala katika ugomvi wa kilabuni.

Ni lazima kwanza kuona jinsi sheria ilivyopangwa. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia huhukumiwa kunyongwa, na jaji hana hiari. Mwaka 1995, katika shauri la Mbushuu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikasema Katiba inairuhusu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, katika shauri la Ally Rajabu, ikatamka kwamba kumnyima jaji hiari hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Kuua bila kukusudia, kwa upande mwingine, kuna ukomo wa juu wa kifungo cha maisha na hakuna kiwango cha chini, ndiyo maana mwongozo wa utoaji adhabu unagawa kosa hilo katika ngazi tatu: ya juu, kuanzia miaka kumi hadi maisha, ya kati, miaka minne hadi kumi, na ya chini, kuanzia kuachiwa kwa masharti hadi miaka minne. Kwa hiyo sehemu kubwa ya adhabu huamuliwa na jina la kosa hata kabla ya maombi ya huruma kusikilizwa. Kuhusu nia ya kuua, mahakama zetu hufuata vigezo vya shauri la Enock Kipela: silaha iliyotumika, nguvu, idadi ya mapigo, sehemu ya mwili iliyolengwa, maneno ya mshtakiwa, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio.

Hapo ndipo hasira inapoingia. Sheria inashusha kosa kutoka kuua kwa kukusudia iwapo mtu alitenda kwa ghadhabu ya ghafla, kabla hajapata muda wa kutulia, na inampima kwa kumlinganisha na mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Wanaoitetea kanuni hii wana hoja nzito: binadamu hulipuka, na aliyelipuka hafanani na aliyenunua sumu wiki mbili kabla. Lakini tazama inavyowagawanya wanandoa. Mume aliyemfumania mkewe akachukua panga papo hapo anaingia katika kanuni hiyo bila taabu. Mke aliyepigwa miaka kumi, ambaye nguvu zake hazitoshi kupambana na mumewe akiwa macho, na ambaye siku moja anamshambulia akiwa amelala, anaonekana alisubiri, na kusubiri kunasomeka kama kupanga. Kanuni iliandikwa kwa ajili ya hasira ya dakika moja. Hofu ya miaka haikupewa nafasi ndani yake, na kwa maoni yangu hilo ni pengo la haki.

Sasa nirudi kwa mkosaji wa mara ya kwanza. Katika vijiji vya Urambo, Kaliua au Sikonge, mke aliyepigwa kwa kawaida haanzii polisi. Huanzia kwa wazazi wake au kwa wazee wa ukoo wa mume, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mume huonywa, pengine hutozwa faini ya kupeleka ukweni, na mke hurudishwa nyumbani. Sababu zinaeleweka: nauli ya kwenda mjini, watoto, na fedha za tumbaku walizozitolea jasho wote wawili lakini ambazo mara nyingi hulipwa kwa jina la mume. Sheria yenyewe inaunga mkono suluhu, kwa kuwa inairuhusu mahakama kuwapatanisha wahusika katika shambulio la kawaida, mlalamikaji akiridhia. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kumvunja mkewe mkono, akaonywa mara tatu mbele ya wazee, na siku anapomuua wakili wa Serikali akasimama na kusema hana kumbukumbu za makosa ya nyuma.

Upande wa pili unastahili kusikilizwa kwa makini. Mtu haadhibiwi kwa tuhuma ambazo hazikuthibitishwa. Daftari la mwenyekiti wa kitongoji halikuandikwa chini ya kiapo, marehemu hawezi kuulizwa maswali, na ndugu zake wana uchungu unaoweza kuongeza chumvi. Jaji akianza kupima adhabu kwa maneno ya majirani, kesho mtu asiye na hatia atafungwa miaka mingi zaidi kwa sababu tu hapendwi kijijini.

Nakubali, lakini kuna tofauti kati ya kumwongezea mtu adhabu kwa yasiyothibitishwa na kukataa kumpunguzia kwa sifa ambayo nayo haijathibitishwa. Kutokuwa na hukumu ya nyuma si ushahidi wa mwenendo mwema nyumbani. Fomu ya PF3 ambayo polisi humpa majeruhi ili atibiwe, taarifa iliyofunguliwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ripoti ya ofisa ustawi wa jamii: hizi ni nyaraka ambazo mshtakiwa anaweza kuzipinga mbele ya mahakama, na wakili wa Serikali anapaswa kuzitafuta kabla ya kusema hana kumbukumbu. Tena nyaraka hizo hizo ndizo zingemsaidia yule mke aliyemuua mumewe baada ya miaka ya mateso, kwa hiyo si hoja ya kuwakomoa wanaume.

Katika mahakama za chini, ambako kesi nyingi ni za kipigo kisichoua, ugumu ni mwingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungo cha 66, inakataza mwanandoa kumpa mwenzake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu, na shambulio la kudhuru mwili lina kifungo hadi miaka mitano. Hata hivyo hakimu akimtoza mume faini, fedha inatoka katika mfuko ule ule unaomlisha aliyepigwa. Akimfunga, shamba linabaki bila mtu na mke anaandamwa na ukweni kwamba ndiye aliyemfungisha. Kuachiwa kwa masharti, pamoja na amri ya fidia inayolipwa mikononi mwa mke na usimamizi wa ofisa ustawi wa jamii, kunaonekana kuwa njia ya kati, lakini kunahitaji ofisa anayeweza kufika kijijini, na wilaya zenye maofisa wachache na vijiji vilivyo mbali haziwezi kuahidi hilo. Hakimu anayejua kwamba hakuna atakayefuatilia masharti yake ana sababu ya kuchagua kifungo kifupi, na simlaumu.