Risasi katika damu ya mtoto: je, mashine ya zamani bado inatosha?

Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari ubavuni mwa nyumba zao. Phyllis Omido, aliyeongoza harakati hizo, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, na kilichomsukuma ni majibu ya vipimo yaliyoonyesha kuwa mwanawe mdogo ana sumu ya risasi, metali iliyomo ndani ya betri hizo. Kwa hiyo mjadala kuhusu mashine za kupimia metali mwilini, kwamba ya zamani ibaki au impishe mpya, tusiwaachie wakemia na maafisa ununuzi peke yao.

Mashine ya zamani inayobishaniwa ni spektrometa ya ufyonzaji wa atomi, iliyoasisiwa na Alan Walsh huko Australia miaka ya 1950. Kanuni yake ni nyepesi: atomi huru za risasi hufyonza mwanga wa aina yake maalumu, na kadiri zinavyozidi ndivyo mwanga unaopenya unavyopungua. Mwali wa kawaida wa gesi hauna makali ya kutosha kwa damu, hivyo hutumika tanuru la grafaiti. Tone la mikrolita 20 hivi la damu iliyozimuliwa hutiwa ndani ya kibomba cha grafaiti, likakaushwa, likaunguzwa hadi protini ziteketee, kisha joto likapandishwa ghafla hadi karibu nyuzi 2,000 za Selisiasi. Atomi zinapofumuka, taa huwa tayari inamulika katika nanomita 283.3. Sampuli moja huchukua dakika mbili tatu.

Wanaotaka mashine hii iwekwe kando wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ya viwango. Mwaka 1991 Marekani ilihesabu mikrogramu 10 kwa desilita moja ya damu kuwa kiwango cha kutia wasiwasi kwa mtoto. Mwaka 2012 wakashusha hadi 5, na 2021 hadi 3.5. Lakini kwa miaka mingi kanuni za huko huko ziliruhusu maabara ikosee mikrogramu 4 juu au chini na bado ihesabiwe imefaulu majaribio ya ubora. Ni juzijuzi tu ruhusa hiyo imepunguzwa hadi 2. Kosa linaloruhusiwa likizidi kiwango chenyewe, mzazi anaambiwa nini? Tanuru likiendeshwa na fundi makini hufika chini ya 3.5, ila huko chini linahema. Mashine mpya, spektrometa ya tungamo inayotumia plazma, yaani gesi iliyopashwa moto mkali mno, huchambua atomi kwa uzito wake na hupima huko bila taabu, tena risasi, kadimiamu, arseniki na zebaki kwa mkupuo mmoja.

Na kuna jambo ambalo tanuru haliliwezi kabisa. Plazma hutenganisha isotopu za risasi, yaani atomi zake zinazotofautiana kwa uzito, na uwiano wake unaweza kudokeza kama chanzo ni betri, rangi za nyumba au udongo wa asili. Mwenye kiwanda akisimama kortini kusema sumu ilitoka kwingine, huo ni ushahidi wa kutafutwa.

Upande wa pili hausemi uongo pia. Plazma hula takriban lita 15 za gesi ya agoni kila dakika, na mtungi mkubwa unaweza kwisha kwa siku moja ya kazi. Gesi ikikosekana, mashine ya fedha nyingi hugeuka samani. Tena si kila swali linahitaji makali hayo. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walipokufa kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu, vifaa vya mkononi vilivyokoma kwenye mikrogramu 65 vilitosha kuonyesha nani aanze dawa mara moja. Tanuru lipo kati ya hivyo viwili, na kwa kijiji kilicho jirani na kiyeyushio linajibu swali linaloulizwa: nani ana 8, nani ana 30.

Mimi naliunga mkono tanuru libaki katika maabara za mikoa na kaunti, na plazma iwe katika maabara moja au mbili za rufaa zenye bajeti ya gesi iliyohakikishwa. Ila pande zote mbili zinapita haraka mno mahali ambapo namba nyingi huharibika: kwenye kidole cha mtoto. Mtoto aliyeshinda akicheza kwenye udongo wenye risasi akichomwa kidoleni bila kunawishwa kwa sabuni, vumbi la ngozi huchanganyika na tone la damu, na hakuna mashine itakayovitenganisha. Majibu ya kidole yakiwa juu, damu ya mshipa ichukuliwe kuthibitisha. Tena karibu risasi yote ya damu imo ndani ya chembe nyekundu, hivyo mrija usipogeuzwageuzwa taratibu mara tu baada ya kujazwa, damu hufanya mabonge na tone linalofyonzwa haliwakilishi damu nzima. Kwa zinki hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hata kizibo cha mpira cha mrija wa kawaida huweza kuitoa.

Kinga yake haina gharama ya kutisha. Maji safi yasafiri hadi kijijini na kurudi katika mirija ile ile, yapimwe pamoja na damu, ili ionekane kama mirija yenyewe au safari imeongeza risasi. Pamoja nayo ipimwe damu ya rejea ambayo kiwango chake kinajulikana, ili ionekane kama mashine inasoma sawasawa, na majibu ya vyote viwili yaandikwe kwenye cheti anachopewa mzazi au wakili. Cheti chenye namba ya mtoto peke yake, kiwe kimetoka kwenye tanuru au kwenye plazma, wakili wa kiwanda atakipangua kwa swali moja.