Ukifika Makambako, Pinda Kushoto

Waendesha pikipiki wanaovuka Afrika kutoka Cairo hadi Cape Town hupita Tanzania kwa njia karibu ile ile: huingia Namanga, hupumzika Arusha, huteremka hadi Iringa, kisha huishika barabara ya TANZAM mpaka Tunduma na kuvuka kuingia Zambia. Wengi huisimulia safari hiyo kama ndoto yao binafsi ya uhuru, ilhali ndoto hiyo ina mwenyewe. Cecil Rhodes ndiye aliyetaka reli na waya wa simu viunganishe Cape na Cairo vikipita katika ardhi ya Waingereza peke yao, na alikufa mwaka 1902 bila kuyaona hayo, kwa kuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani ilikuwa imekaa katikati. Pengo hilo lilizibwa pale Ujerumani iliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza na Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza. Simkatazi mtu kuipita njia hiyo. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuujua ukoloni kwa kuuona lazima aiache, na pa kuiachia ni Makambako, kwenye njia panda ya kwenda Njombe na Songea.

Kabla ya hapo, apite Kalenga, kilometa chache tu kutoka Iringa mjini. Hapo ndipo lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai, nao Wajerumani wakakikata kichwa chake. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita, lakini lilirudi mwaka 1954, likiletwa na Gavana Edward Twining, baada ya kuchaguliwa katika akiba ya mafuvu yapatayo 2,000 yaliyokuwa kwenye makumbusho moja ya Bremen. Kinachonisumbua kila ninapoifikiria habari hiyo si fuvu lililorudi, bali yale yaliyobaki kwenye rafu.

Kutoka Makambako lami ni nzuri, na pikipiki ya cc 150, kama hizi za bodaboda, inatosha kabisa kuifanya safari yote ya kusini. Mjini Songea, Makumbusho ya Maji Maji yako katika eneo liitwalo Mahenge. Mzee aliyetuongoza alituomba tuvue kofia ngumu na glavu kabla ya kulikaribia kaburi, akanyamaza kidogo, ndipo akaanza kusimulia. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mahali hapo viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60, wakawafukia katika shimo moja. Nduna (jemadari wa Kingoni) Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake, na ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wajukuu wa nduna huyo na kuomba msamaha. Ninauheshimu msamaha ule, maana marais wengi wa Ulaya hawajathubutu kusema nusu yake. Hata hivyo, anayeomba msamaha msibani huku maiti ingali kwake bado hajamaliza alichoendea.

Ukitoka Songea kuelekea Namtumbo na Tunduru, nyumba zinapungua na miombo inafunga pande zote mbili, kwa sababu barabara inakata ushoroba wa tembo unaounganisha hifadhi ya Selous na ile ya Niassa ya Msumbiji. Wageni hulisifu pori hili kuwa halijawahi kuguswa na binadamu, na sifa hiyo inaniuma. Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbini mwaka 1905, watu walipoing'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vilizimwa kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Sehemu kubwa ya kusini ikabaki mahame, wanyama na mbung'o wakasogea. Kisha miaka ya 1940 Waingereza wakawahamisha Wangindo wa upande wa Liwale kwa sababu ya malale, na hifadhi ikapanuliwa juu ya mahame yao. Ukimya unaopigwa picha leo una historia ya watu waliokuwa na mashamba ya mtama hapo.

Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, haina lami, na huko ndiko pikipiki inakoonyesha faida yake. Kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya njaa ile, mamia ya vibarua walichimba hapo mifupa ya dinosaria chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Leo mmoja wa dinosaria hao amesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, ilhali wanakijiji wanaoishi karibu na mashimo yale hawana hata chumba kimoja cha kumwonyesha mgeni walichochimba babu zao.

Ninaamini msafiri anayezunguka huku ana la kufanya akirudi kwao, hasa akiwa Mjerumani, kwa kuwa makumbusho yale yanaendeshwa kwa kodi yake na ana haki ya kuyauliza. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu kutoka Kilimanjaro na vya koo zilizopo leo, wakapata ndugu walio hai. Kwa hiyo kisingizio kwamba haiwezekani kujua nani ni nani kimekwisha nguvu. Serikali yetu nayo idai orodha kamili ya mabaki yote ya watu wetu, iandikwe kwa Kiswahili na kutaja kila mmoja alitolewa eneo gani, kisha ibandikwe Songea, Kalenga na Moshi, ili wenye ndugu zao waisome bila kuomba viza.